Nyumba ya udongo ya Alfriston, makao ya makasisi yaliyouzwa kwa pauni 10

Mwaka 1896, katika kijiji cha Alfriston kusini mwa Uingereza, nyumba moja ya miti na udongo iliuzwa kwa pauni 10. Paa lake la nyasi lilikuwa limebonyea, kuta zimeanza kuachia, na mwenye nyumba, yaani Kanisa la Uingereza, alikuwa ameshatoa ruhusa ibomolewe. Aliyeinunua ni National Trust, shirika la hifadhi ambalo lilikuwa halijatimiza hata miaka 2 tangu lianzishwe. Leo shirika hilo lina wanachama zaidi ya milioni 5, linamiliki makasri, majumba ya makabaila, misitu na maeneo marefu ya pwani. Jengo lake la kwanza kabisa ni hiyo nyumba ya udongo.

Naishi Sussex, mkoa ule ule, na nimeiona nyumba hii kwenye baridi na kwenye jua. Kila ninapopata habari kutoka Tanga kwamba nyumba fulani ya zamani ya familia imeangushwa ili pajengwe ya matofali ya saruji, mawazo yangu hukimbilia Alfriston. Ndiyo sababu nimeamua kuiandika kwa kirefu, tena nianze na kazi ya mafundi, maana wengi wanaosimulia habari za nyumba hii huishangilia ile bei ya pauni 10 kisha wakaipita kazi yenyewe bila kuitazama.

Alfriston iko kwenye bonde la mto Cuckmere, karibu na pale mto unapoingia baharini kwenye miamba myeupe ya Seven Sisters. Nyumba imejitenga kidogo na barabara kuu ya kijiji. Unapita uwanja wa majani, unalizunguka kanisa la Mtakatifu Andrea lililojengwa kwa mawe ya gumegume, na hapo ubavuni unaiona imejiinamia chini ya paa lake, bustani mbele, mto nyuma. Kusini kuna vilima vya South Downs, ambavyo ni chaki tupu kuanzia juu hadi chini. Kaskazini kunaanza nchi ya Weald yenye udongo mfinyanzi na misitu ya mwaloni. Ukiuelewa mpaka huo wa chaki na mwaloni, nusu ya nyumba umeshaielewa, kwa sababu mafundi wa zamani walijenga kwa kile kilichoweza kufikishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Ina umri wa takriban miaka 600. Wakati huo Uingereza ilikuwa bado inajikusanya baada ya tauni kuu ya 1348 na 1349, iliyoua watu kati ya theluthi moja na nusu ya wakazi wote. Mashamba yalikosa watu. Kibarua aliyenusurika akaweza kudai ujira mkubwa zaidi, na mkulima aliyekuwa na akili ya kupanga au kununua ardhi iliyoachwa akapata nafasi ambayo baba yake hakuiota. Wakulima wa namna hiyo wa Kent na Sussex ndio waliojenga nyumba za mtindo huu kwa wingi. Nyumba ya makasisi wa Alfriston imefuata mtindo huo huo wa mkulima mwenye nafasi. Hakuna kuba, hakuna tao, hakuna chochote kilichoigwa kanisani.

Kila kitu kinaanza na mwaloni. Mafundi waliuchonga ukiwa mbichi, kwa sababu ukishakauka unakuwa mgumu kupita kiasi na patasi haiingii kwa urahisi. Walikata maungo ya ulimi na tundu uwanjani, wakaunganisha fremu nzima ikiwa imelazwa chini, wakatia alama kwenye kila kiungo ili wajue kipi kinaingia wapi, wakaifungua tena, kisha wakaenda kuisimamisha mahali pake. Maungo yalishikwa kwa vigingi vya mwaloni. Mti ulipokauka taratibu ukiwa umeshasimama, ulijinyonga na kujikaza, na kigingi kikabanwa kiasi kwamba hata wewe uliyekipiga usingeweza tena kukitoa.

Ukizisimamia mbele nyumba za mtindo huu utaona sehemu tatu chini ya paa moja. Katikati ni ukumbi, ulio wazi kuanzia sakafuni hadi kwenye makombamoyo. Huku na huku kuna vyumba, vya chini na vya ghorofani. Vyumba vya ghorofani hutokeza mbele kidogo kuliko vya chini, wakati ukuta wa ukumbi umebaki nyuma. Lakini fundi hakutaka kuvunja mstari wa paa mara tatu. Amelipeleka moja kwa moja, kwa hiyo mbele ya ukumbi upenu unaning'inia hewani, na umeshikiliwa na mihimili iliyopinda inayotokea kwenye nguzo za pembeni. Mihimili hiyo haikupindwa kwa moto wala kwa maji. Fundi aliingia msituni akatafuta mti uliokua umepinda tangu mwanzo, akaupasua katikati, akapata vipande viwili vinavyotazamana. Kwangu mimi hilo ndilo jambo zuri kuliko yote katika sura ya nyumba hizi: umbo limeamuliwa na mti wenyewe, na fundi akawa na macho ya kuliona likiwa bado limesimama porini.

Ndani ya ukumbi hapakuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, na moshi ukapanda wenyewe kutafuta njia kwenye nyasi za paa. Madirisha hayakuwa na vioo, bali nondo za mti zilizosimama wima na vibao vya kuzibia usiku au upepo ukizidi. Msomaji wa leo anaweza kuwahurumia watu hao kwa macho kuwasha, na kweli yaliwasha, lakini moshi ulikuwa na kazi zake. Ulikausha nyasi kutokea ndani, ukawafukuza wadudu kwenye fito, ukahifadhi nyama iliyoning'inizwa juu. Hata leo wanahistoria wa majengo wanapoingia kwenye nyumba ya zamani iliyokwisha kutiwa dari na ghorofa, jambo la kwanza ni kupanda juu na tochi kutafuta masizi. Boriti za paa zikiwa nyeusi, wanajua kwamba hapo chini palikuwa na ukumbi wa moto, hata kama sasa pana vyumba vitatu vya kulala na bafu.

Alfriston huhitaji kupanda popote. Ukumbi umebaki wazi, na ukiinua kichwa unaona kila kitu. Boriti nene imevuka kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Katikati yake imesimama nguzo fupi, na juu ya nguzo hiyo umelazwa mti mrefu unaofuata urefu wa nyumba. Makombamoyo yamefungwa mawili mawili kwa vijiti vya kukingama, na vijiti hivyo vyote vimeukalia ule mti mrefu. Paa ni la mwinuko mkali ili mvua isipate muda wa kuzama kwenye nyasi. Mwezekaji akijua kazi yake, paa la matete huku hudumu miaka 40 na zaidi. Kwa mtu aliyezoea kubadilisha makuti kila baada ya misimu michache, hilo huchukua muda kuingia akilini.

Kuta sasa. Kati ya nguzo na nguzo, fundi alisimamisha vijiti vya mwaloni, akasuka fito nyembamba kupita kati yake, kisha ukaja udongo. Udongo mfinyanzi ulichanganywa na samadi na nyasi zilizokatwakatwa, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ushikane, ukakandikwa pande zote mbili. Mara nyingi watu wawili walisimama mmoja ndani mmoja nje, wakitupa donge kwa wakati mmoja ili udongo ukutane katikati ya fito. Ulipokauka ukapakwa chokaa.

Babu yangu alikuwa fundi wa kukandika vijiji vya Muheza. Ukuta huo ungemkuta nyumbani kabisa. Angeukamilisha bila kuuliza lolote, ila nadhani angepiga magoti atazame miguu ya nyumba, maana hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya kazi yake na ya hawa mafundi wa Sussex. Sisi huchimbia nguzo ardhini. Nguzo inanyonya maji, inaoza usawa wa udongo, na kabla haijaoza mchwa wameshafika. Hapa nguzo hazigusi ardhi. Chini kuna msingi wa mawe, juu ya mawe imelazwa boriti, na nguzo zimechomekwa kwenye hiyo boriti. Paa likiwa na upenu mpana na miguu ikiwa mikavu, udongo wa ukutani hauna sababu ya kufa. Mchwa hawapo Sussex, na mwaloni una ugumu wake, lakini siri kubwa ni yale mawe ya chini. Nyumba ya udongo huuawa na maji, na mara nyingi maji huanzia miguuni.

Sakafu ya ukumbi nilitaka kuigusa tangu niliposoma habari zake, na mama mmoja mzee anayejitolea pale aliniruhusu nichuchumae. Ni chaki ya vilima vile vile vya nyuma ya kijiji. Ilipondwa, ikatandazwa, ikashindiliwa, kisha ikamwagiwa maziwa yaliyochacha. Ukiipitisha kiganja unahisi ubaridi na ulaini wenye mabonde madogo madogo, rangi yake nyeupe inayoelekea kwenye kijivu, na haitoi vumbi mkononi. Protini ya maziwa ikikauka inashika unga wa chaki, kwa namna ile ile gundi za zamani za maseremala zilivyotengenezwa kwa maziwa. Yule mama aliniuliza kwetu tunafanyaje. Nikamweleza sakafu za udongo zinazopakwa samadi ya ng'ombe kila baada ya siku kadhaa, na jinsi bibi alivyokuwa akitupigia kelele tusikanyage kabla haijakauka. Aliita wenzake waje wasikie. Tukakaa hapo tukizungumza samadi, wazee wa Kiingereza na mimi, kwa furaha ambayo sikuitarajia mahali pa makumbusho.

Ukutani mwa ukumbi huo huo, kwenye pembe ya mhimili, pamechongwa jani la mwaloni. Ni dogo, na usipoelekezwa unalipita. Nembo ya National Trust ni jani la mwaloni pia. Ilichorwa na mchongaji Joseph Armitage katika miaka ya 1930, na wengi huihusisha na jani hili la Alfriston. Iwe hivyo au isiwe, mimi hulisimamia muda mrefu nikimfikiria yule fundi asiye na jina ambaye kazi ilikuwa imeshakamilika, boriti imeshakaa sawa, na bado akachukua patasi.

Kwa nini kasisi alikaa kwenye nyumba ya ukubwa wa mkulima wa kati, wakati kanisa lililo mlangoni pake ni kubwa hivyo? Jibu liko kwenye zaka. Kila parokia ilitozwa sehemu ya 10 ya mazao. Zaka kubwa ni ya nafaka, zaka ndogo ni ya vitu kama mboga, matunda, kuku na nguruwe. Kasisi aliyepokea zote mbili alikuwa mtu mwenye uwezo. Lakini parokia nyingi ziliwekwa chini ya nyumba za watawa. Watawa wakachukua zaka kubwa na kumwajiri kasisi mdogo awahudumie watu, yeye akaachiwa zaka ndogo na kipande cha shamba la kanisa. Ndivyo ilivyokuwa Alfriston: mwishoni mwa karne ya 14 kanisa lilikuwa mikononi mwa watawa wa Michelham, waliokuwa kaskazini kidogo ya hapo. Kwa hiyo usimfikirie kasisi wa nyumba hii akiwa amekaa na vitabu mchana kutwa. Alikuwa na shamba, mifugo, na majirani aliowadai kuku.

Tena alikuwa peke yake, kwa maana ya ndoa. Mfalme Henry wa 8 alizivunja nyumba za watawa katika miaka ya 1530, na mwaka 1549, chini ya mwanawe Edward, sheria ikawaruhusu makasisi wa Uingereza kuoa. Malkia Mary akaifuta ruhusa hiyo, Elizabeth akairudisha kwa namna yake. Najua tunazungumzia mambo ya imani, lakini angalia yalivyofanya kwenye majengo. Kasisi mwenye mke na watoto 7 anataka vyumba. Anataka jiko lenye dohani badala ya moto wa katikati, anataka ghorofa, na baadaye anataka chumba cha kuandikia mahubiri. Kumbi nyingi za zamani nchini kote ziligawanywa namna hiyo, zikatiwa dari na dohani za matofali mpaka mwenyewe hujui tena kwamba ulisimama ndani ya ukumbi.

Karne ya 18 ikasukuma mbali zaidi. Mfuko ulioanzishwa mwaka 1704 chini ya Malkia Anne uliwaongezea kipato makasisi maskini, na sheria ya mwaka 1776 ikawawezesha kukopa kwa dhamana ya mapato ya parokia ili wajenge nyumba zinazowastahili. Kasisi wa kijijini akawa bwana mkubwa wa kiasi chake, mwenye madirisha marefu yaliyopangwa sawasawa na mlango katikati. Nyumba za namna hii ndizo watu huziona kichwani wakisikia habari za kasisi wa Kiingereza wa shamba. Haworth, kule Yorkshire, walikokulia waandishi wa riwaya Charlotte, Emily na Anne Brontë, ni ya mwisho wa miaka ya 1770, na sasa ni makumbusho. Ile ya Steventon, alikozaliwa mwandishi wa riwaya Jane Austen, baba yake akiwa kasisi wa hapo, haipo tena. Ilibomolewa miaka michache baada ya kifo chake. Nyumba za makasisi za zama za kati zilizosalia ni chache; nyingine ya kuitembelea ni ile ya Muchelney, Somerset, ya mwanzoni mwa karne ya 14.

Ile ya Alfriston haikugeuzwa jumba la namna hiyo. Iliachwa. Makasisi walihamia kwingine, nayo ikagawanywa na kupangishwa kwa vibarua wa mashambani. Naamini umaskini huo ndio uliouokoa ukumbi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na fedha za kuubadilisha. Ila umaskini huo huo hauezeki paa. Kufikia miaka ya 1880 mvua ilikuwa inaingia, na ruhusa ya kubomoa ikatolewa. Humo ndani alikuwamo bado bibi kizee mmoja, mpangaji, aliyeomba aachwe mpaka afe. Akaachwa. Mimi humhesabu miongoni mwa waliookoa nyumba hii, ingawa mara nyingi jina lake halisemwi: kama asingekataa kuondoka, huenda pasingebaki kitu cha kuokoa.

Kisha akaja kasisi F. W. Beynon, ambaye hakuwa tayari kuona nyumba ya watangulizi wake ikigeuzwa kuni. Alizunguka kutafuta fedha, akaandikia chama cha kulinda majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris, msanii na mwandishi, mwaka 1877, na kupitia huko shauri likafika kwa shirika jipya la National Trust. Shirika hilo lilianzishwa Januari 1895 na watu watatu: Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley. Hunter alikuwa mwanasheria aliyepigania viwanja vya umma visinyakuliwe. Rawnsley alikuwa mwenyewe kasisi, kule Lake District, nchi ya maziwa ya maji kaskazini. Walikuwa wameshapewa kipande cha mlima huko Wales, Dinas Oleu, zawadi ya Bi Fanny Talbot, lakini jengo hawakuwa nalo hata moja.

Kwa Octavia Hill niongeze neno. Kabla ya haya yote alikuwa ametumia zaidi ya miaka 30 London akisimamia nyumba za kupanga za watu maskini, nyumba mbovu alizozipokea kuanzia mwaka 1865 kwa fedha za mwandishi John Ruskin, akizikarabati kidogo kidogo: bomba leo, ngazi kesho, dirisha mwezi ujao. Mtu wa namna hiyo alipofika Alfriston hakuona gofu. Aliona nyumba iliyokosa matengenezo. Mtu mwingine angeliambia shirika changa litafute kwanza kasri, lijipatie sifa na wafadhili. Yeye aliandika barua kuomba michango kwa ajili ya udongo na nyasi, na watu wakachanga.

Kazi ya ukarabati alipewa Alfred Powell, mbunifu majengo wa miaka 30 na kitu, mfuasi wa mawazo ya Morris. Wakati huo Uingereza ilikuwa na ugonjwa wa kukarabati majengo ya kale kwa kuyafanya yawe ya kale zaidi: kukwangua kuta, kung'oa kilichoongezwa karne ya 16, kuweka madirisha mapya ya mtindo wa karne ya 13. Chama cha Morris kilipinga hilo kwa nguvu zote. Walichotaka ni kuziba paa, kushikilia kinachoanguka, kubadilisha mti uliooza kwa mti mwingine unaoonekana wazi kuwa mpya, na kuiacha nyumba ibaki na miaka yake. Nakubaliana nao kabisa. Boriti ya kiraka iliyo wazi inaniambia ukweli kuhusu nyumba. Boriti mpya iliyopakwa rangi ya uzee inanidanganya mimi na mjukuu wangu. Mwaka 1907 Bunge likaipa National Trust uwezo wa kutangaza kwamba mali fulani haiwezi kuuzwa tena wala kutolewa kwa namna yoyote ya kawaida.

Kuna uzi mmoja unaoiunganisha nchi ya nyumba hizi na pwani yetu, na si wa kubuni. William Tozer alikuwa kasisi wa Burgh-le-Marsh, Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Rafiki yake Edward Steere alikuwa kasisi wa Little Steeping, kijiji cha jirani. Wawili hao waliacha parokia zao katika miaka ya 1860 wakaja na misheni iliyokita Zanzibar mwaka 1864. Steere ndiye baadaye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini kwenye uwanja wa lililokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likiwekwa Krismasi ya 1873. Sasa, sehemu hiyo ya Lincolnshire inajulikana kwa nyumba za udongo. Wanasimamisha nguzo, wanapigilia vijiti vyembamba wima, kisha wanakandika udongo mpaka miti yote inafunikwa, na juu wanaezeka nyasi. Baadhi bado zipo. Kwa hiyo Tozer na Steere walipoanza kutembelea vijiji vya pwani na bara, ukuta wa miti na udongo haukuwa kitu kigeni machoni pao. Waumini wao wa Lincolnshire waliishi humo. Wazungu wengine wengi waliokuja baadaye waliandika kuhusu nyumba zetu za udongo kama ushahidi wa unyonge wa watu wetu, na sisi tukaipokea aibu hiyo tukaila nzima, wakati nyumbani kwao udongo ule ule ulikuwa unakusanyiwa michango.

Tanzania sheria yetu ya mambo ya kale ni ya mwaka 1964. Kinacholindwa moja kwa moja ni majengo ya kabla ya mwaka 1863, na mengine waziri anaweza kuyatangaza. Magofu ya mawe ya Kilwa yanaingia. Nyumba ya fito aliyoikandika babu yangu haiingii yenyewe, wala haitaingia kwa umri wake, kwa sababu nyumba za nguzo za kuchimbia hazifikishi umri huo. Sitegemei serikali ije Muheza na pauni 10. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho, na kinawezekana kabla ya mvua zijazo.

Kama kwenu kuna nyumba ya kukandikwa inayosubiri kubomolewa, ipimeni kwanza. Urefu, upana, kimo cha ukuta, kimo cha mwamba wa paa. Pigeni picha paa kutokea ndani, mchana, mlango ukiwa wazi, ili tuone namna makombamoyo yalivyofungwa na kwa kamba gani. Bomoeni kipande kidogo cha ukuta kwa mkono kabla ya kuleta nyundo, mtazame mfumo wa fito. Muulizeni mzee aliyeijenga, au aliyeshika udongo akiwa mtoto, mti wa nguzo ulikuwa upi na ulikatwa wapi, udongo ulichimbwa wapi, na kitu gani kilichanganywa humo. Andikeni jina lake. Mimi nimeshamwomba binamu yangu aanze na nyumba ya shangazi yetu, ambayo inabomolewa mwaka huu. Amenitumia kimo cha ukuta na picha za paa, na Jumamosi anakwenda kumsikiliza mzee aliyekanyaga ule udongo.